Timu ya Rede ya Korido Yetu

Siku ya kwanza nilipopigwa mpira wa soksi makalioni mbele ya watu wazima wenzangu, nilicheka mpaka nikakaa chini mchangani na kijora changu. Mimi, mama wa watu, mwenye meza ya khanga na vitenge Kariakoo, mwenye mjukuu tayari, nimetandazika kwenye uwanja wa shule ya msingi pale Ilala, na muuza samaki ninayepanga naye nyumba moja ananipigia kelele kichwani: "Toka! Umekufa! Jitu zima linang'ang'ania uhai!" Sijawahi kufurahia kufa namna ile.

Mambo haya yaliletwa na binti mmoja wa mradi. Alikuja mtaani kwetu jioni na begi kubwa la mipira ya netiboli, akatukuta barazani tunachambua mchele.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu, karibu."

Akatueleza kwamba mradi wao unawakutanisha wanawake kwa michezo, na kwamba baada ya kucheza watu hukaa kitako wakazungumzia ukatili wa majumbani. Hiyo sehemu ya pili tuliisikia kwa sikio moja. Sikio lingine lilikuwa kwenye begi, maana alikuwa anachomoa sketi. Fupi, za buluu, zenye marinda. Muuza samaki, ambaye Mungu amemjalia mwili wa kutosha watu wawili, akaiweka moja kiunoni na kuuliza, "Mwanangu, hii ni ya kuvaa au ya kushikia sufuria ya moto?"

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimpendea hapo hapo. Wako wataalamu ambao wangenuna. Akauliza, "Basi mama zangu mnataka kucheza nini?" Tukajibu kwa pamoja bila kupangana: "Rede!"

Msichana yeyote aliyekulia Dar anaijua rede. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi, wengine mnakaa katikati, mnakwepa huku mnajaza mchanga kwenye chupa. Ukipigwa umekufa, unatoka. Akibaki wa mwisho peke yake, kila anapokwepa uwanja mzima unamhesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, na akifika kumi anawafufua wenzake wote waliokufa. Mchezo wa kitoto, naam, na wengi wetu hatukuwa tumeugusa tangu tuvunje ungo. Soksi tuliwachukulia waume bila kuwauliza, vitambaa vya kujazia tukaokota kwa fundi cherehani, na muda si muda timu ikawa na grupu lake la wosapu, ambalo muuza samaki alilijaza sauti za kicheko chake tu.

Timu karibu nzima ilitoka kwenye korido yetu. Nyumba tunayokaa ni ya Kiswahili: vyumba huku na huku, korido katikati, uani jiko na choo. Kuta hazikufika kwenye bati. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anamwambia pole. Kwenye mlango unaotazamana na wangu alikaa jirani yangu, mwanamke mwembamba wa kutoka Tabora, pamoja na mumewe, muuza spea wa Gerezani.

Huyo mume nitamsema vizuri kwanza, maana anastahili. Mimi ni Mzaramo, yeye ni Mnyamwezi: watani wa tangu mababu, na mtani haruhusiwi kukasirika. Asubuhi tukikutana kwenye foleni ya choo ananiuliza, "Mzaramo, ngoma imekwisha au mmepumzika kunywa maji?" Nami namjibu, "Mnyamwezi, mzigo umeutua wapi, mbona leo shingo imenyooka?" Mama yangu alipofariki, yule bwana alijifunga khanga ya marehemu, akapita korido nzima kwa mwendo wa marehemu, mkono kiunoni, akiwagombeza waombolezaji kwa kumaliza sukari. Nililia huku nacheka, na ndicho kilichonivusha msiba ule. Nilimpenda kweli. Ndiyo maana jambo hili lilikuwa gumu.

Maana alikuwa anampiga mkewe. Si kila siku. Ilikuwepo miezi ya amani kabisa, na kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa mibaya, kwa kuwa ilikusahaulisha. Kwa kuta zile hakuna aliyeweza kusema hajui. Nasi tulikuwa na adabu yetu ambayo hakuna aliyetufunda: sauti ikipanda chumba kile, mikono inaenda kwenye redio. Huyu taarabu, yule kaswida, chumba cha mbele mechi, mpaka bati linatetemeka. Tuliita kumsitiri. Kesho yake anatoka na khanga imeshushwa hadi kwenye nyusi, "Mmeamkaje?" "Salama, sijui wewe," na maisha yanaendelea.

Uwanjani aliburutwa na muuza samaki. Tukamweka katikati, mpira ukaja. Hakukwepa. Alisimama pale pale, akafumba macho, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili, na mpira ulipompata begani akasema, "Samahani." Aliuomba radhi mpira wa soksi! Tulicheka mpaka wengine wakashikilia nguzo za goli. Raundi ya pili vile vile: macho kafumba, mikono kichwani, "Samahani." Muuza samaki alikuwa anafuta machozi na pindo la kijora. Ambaye hakucheka ni mwalimu peke yake, maana yule binti tulishaanza kumwita mwalimu. Alikuwa anaitazama ile mikono. Nikamtazama yeye, halafu nami nikaitazama, nikaacha kucheka.

Jioni ile tulipokaa kwenye mkeka, mwalimu hakutoa mabango yake ya mradi. Alisema tu, "Mtu anayefunika kichwa kabla mpira haujarushwa, kuna mahali amejifunza." Jirani yangu alikuwa anachezea vijiwe. Aliyeanza kusema ni muuza samaki, katika watu wote.

"Mimi marehemu mume wangu ndiye aliyenivunja huu wa kulia," akasema, akiunyoosha mkono wenyewe. "Ndiyo maana narusha kwa kushoto."

Miaka yote tulidhani ni mashoto wa kuzaliwa. Basi mmoja akafuata, na mwingine, na jua likazama tukiwa bado pale. Jirani yangu hakusema neno, ila hakuondoka mpaka mkeka ulipokunjwa.

Toka hapo mwalimu alimfundisha jambo moja tu: kufumbua macho. Alimrushia mpira taratibu sana, karibu na mkono. "Utazame, mama. Si lazima ukwepe. Utazame tu unavyokuja." Siku alipokwepa kwa mara ya kwanza aliruka upande usiotakiwa, akamkumbatia refa, wote wawili wakaangukia chupa za mchanga. Tulimbeba juu juu tukazunguka naye uwanja. Alikuwa anacheka, na ndipo nilipogundua kwamba tangu tupange nyumba moja nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti. Ana kicheko kibaya mno, cha kukoroma. Tulikifurahia kupita kiasi, tukawa tunajiangusha makusudi ili tukisikie.

Mumewe hakukifurahia. Mwanzoni alitania tu: "Mzaramo, umeshamwingiza mke wangu ngomani?" Lakini mwanamke anayerudi na mchanga miguuni, anachuja tui huku anakoroma kwa kicheko peke yake, hakumjua huyo. Akaanza kuuliza mazoezi yanaisha saa ngapi. Akaanza kurudi mapema kutoka Gerezani.

Jumamosi, kesho yake tukiwa na bonanza dhidi ya akina mama ntilie wa Gerezani, fundi akaleta sare. Vijora vya njano, ile njano inayoumiza macho. Tulikuwa koridoni tunajaribu, huyu anavutwa zipu, yule amenasa mkono, muuza samaki amekwama kichwa ndani ya chake na anamwomba Mola msaada. Jirani yangu alichukua cha kwake akaingia ndani kumwonesha mumewe. Tukasikia: "Kesho huendi." Akajibu kitu, polepole. Sauti ya mume ikapanda. Kiti kikasukumwa.

Watu wakatawanyika, mikono ikaenda kwenye redio. Wangu ulitangulia, kidole kilishafika kwenye kitufe. Na hapo koridoni, kutoka ndani ya kijora alichokwamia, muuza samaki akapaza sauti kama tuko uwanjani: "Tunahesabu!"

Mwenyewe mpaka leo anasema lilimtoka tu. Lakini sote tulijua la kufanya. Tulirudi tukajipanga mbele ya pazia la mlango wao, timu nzima, njano tupu, muuza samaki akitoa jicho moja kwenye tundu la shingo. 

"Nani huko?" akauliza mume.

"Watazamaji," nikasema.

Pazia likafunguka. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado uko juu. Nyuma yake mkewe amesimama ukutani, kijora amekikumbatia kifuani, macho wazi. Mume akatutazama mmoja mmoja, akajaribu kucheka. "Ah, Mzaramo! Leo ngoma mmeihamishia mlangoni kwangu?"

Alikuwa ananipa njia. Ningemjibu, tungecheka wote, mkono ungeshuka, pazia lingerudi, na kesho kutwa tungewasha redio. Jibu nilikuwa nalo ulimini, zuri ajabu, na mpaka leo linaniwasha kwamba sikulitumia.

"Leo sikutanii," nikamwambia.

Asiye na watani hawezi kuelewa. Afadhali ningemtemea mate. Alinikodolea macho, na ule mkono ukashuka wenyewe. Mkewe akapita pembeni yake, akaingia chumbani kwangu na kijora chake, nami nikafunga mlango.

Mwalimu alipigiwa simu, akafika na bodaboda kabla chai haijachemka. Alizungumza na jirani yangu kwa sauti ya chini, wakakubaliana kwamba Jumatatu atamsindikiza polisi, dawati la jinsia. Alimsindikiza kweli. Mume akaitwa, akahojiwa, akarudi amenywea. Godoro la mkewe likahamia kwangu.

Ila Jumapili tulikwenda kwanza kwenye bonanza, maana vijora vilishalipiwa. Tuliuawa vibaya. Wale mama ntilie wana mikono ya kusonga ugali wa Gerezani nzima. Mpira wao ukikupata unasikia njaa. Tukatoka mmoja mmoja mpaka akabaki jirani yangu. Tukaanza kumhesabia. Alikwepa, akainama, akaruka, uwanja mzima umesimama, na tulipofika saba mpira ukampata pajani, kofi la wazi, hata muuza barafu aliyekuwa ng'ambo ya barabara aliuona.

"Haujanigusa!" akapiga kelele.

"Umekugusa, mama," refa akamwambia.

"Haujanigusa! Wewe refa una macho au una matundu?"

Aligombana na uwanja mzima, kidole hewani, uongo mtupu, na sisi timu yake tukamuunga mkono kwa viapo vizito ambavyo baadaye tulivitubia. Tulishindwa, tukarudi nyumbani kwa miguu tunaimba.

Wiki zilizofuata korido ilimnyima utani yule bwana. Hatukupanga. Salamu alipewa, tena safi: "Habari za asubuhi?" "Njema, bwana." Basi. Mtu aliyezoea kuitwa mpagazi na mla michembe, viazi vya kukausha vya kwao, tangu anapopiga mswaki, sasa anaitwa bwana kwa heshima zote. Alianza kukonda. Siku moja alipita mbele yangu na ndoo ya maji kichwani, makusudi, mwanamume mzima, ili nimwambie neno kuhusu Wanyamwezi na mizigo. Nilimpisha njia. "Pole na kazi," nikamwambia, kisha nikakimbilia chooni nikacheka huku nimejiziba mdomo kwa khanga.

Akaniwahi barazani jioni nyingine.

"Mzaramo, nitukane basi."

"Sina tusi lako, bwana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Machozi yalimlengalenga, nami nusura nilegee. Mwalimu alikuwa ameanzisha mkeka wa waume pale uwanjani. Kazi yao ilikuwa kutuchotea mchanga, kisha wakae wazungumze wao kwa wao. Nikamwambia aende huko. Alikwenda. Wenzake walisema alikuwa anakaa pembeni, anachota mchanga kuliko wote, na kuongea haongei.

Mwishowe akaamua kufuata desturi. Mke aliyesusa hufuatwa kwao, kwa wazee wake, na kwao ni Tabora. Akamtuma mwenzake wa spea amuulize jirani yangu waende kwa wazee wake gani. Jirani yangu alikuwa uani anakuna nazi, hata kichwa hakuinua.

"Wazee wangu ni timu," akasema.

Basi tukawa wazee! Hamjaona wazee kama sisi. Tulitandika mkeka mkubwa chumbani kwangu, tukasogeza kitanda, tukavaa njano zetu kwa kuwa ndiyo nguo pekee ya kufanana tuliyokuwa nayo. Muuza samaki alijifunga kilemba na kuanza kukohoa kizee tangu asubuhi. Mimi nikapewa uenyekiti kwa sababu chumba ni changu. Mume akaja na wenzake wawili wa Gerezani, kanzu zimenyooshwa, kofia vichwani. Walikuwa wametoka ng'ambo ya korido tu, lakini walipiga hodi kwa unyenyekevu wa watu waliovuka mito.

"Karibuni," akasema muuza samaki. "Poleni na safari." Nikamfinya paja.

Mkubwa wao akasafisha koo. Alisema maneno mazuri, ya busara, kwamba vikombe kabatini havikosi kugongana, kwamba kijana wao amekosa na amekuja kuomba mkewe arudi nyumbani. Nikamgeukia jirani yangu. Alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, miguu ameikunja, mikono imefunikwa na khanga.

"Amekosa nini?" akauliza.

"Ni yale mambo ya ndani, mama," akajibu mkubwa wao. "Ya mke na mume."

"Namuuliza yeye."

Mume akainua macho. "Nilikuwa na hasira."

"Hasira kila mtu anayo. Umenikosea nini?"

"Nilikuvunjia heshima."

"Umenikosea nini?"

Akawatazama wenzake. Wenzake wakautazama mkeka. Muuza samaki alikuwa ameacha kukohoa. Nilitamani kuingilia, mimi na mdomo wangu huu, na kwa mara ya kwanza maishani nilijizuia.

"Nilikupiga," akasema.

"Sema wasikie."

"Nilikuwa nampiga mke wangu." Ilitoka kwa sauti, ikapita juu ya kuta. Mmoja wa wale wenzake akavua kofia, akaishika mapajani na kuanza kuizungusha, kuizungusha. Huyo naye nikamtia akilini kwa ajili ya mkeka wa waume.

Jirani yangu akatikisa kichwa kukubali. Sikujua atasema nini. Yule ni mumewe. Nilijua anampenda, na mimi nampenda, na wazee tuliapa tangu jana kwamba lolote atakaloamua tutalibariki bila kununa. Alimtazama usoni muda mrefu.

"Nimesikia," akasema. "Ahsante kwa kusema. Sirudi."

Mume aliinuka, akatushika mkono mmoja mmoja kwa adabu, mpaka mimi, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Akavaa ndala zake mlangoni, akavuka korido, akaingia kwake. Wenzake wakamfuata, yule wa kofia akiwa nyuma kabisa.

Jirani yangu hakusogea. 

"Nimesema," akaniuliza kwa kunong'ona, "au nimewaza tu?"

"Umesema."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, mama. Korido nzima imesikia."

"Amesikia yeye?"

"Amesikia."

Akavuta pumzi ndefu, akaomba maji ya kunywa, na wazee wote tukakurupuka kwa pamoja kwenda kuyaleta, tukakwama mlangoni.